Siku Nane za Bernadine

Miaka ishirini na saba Bernadine Nowicki alikuwa karani wa kampuni ya usafi pale Toledo. Yeye ndiye aliyeingiza majina ya wafagizi kwenye mfumo wa serikali, ule unaosema nani anaruhusiwa kufanya kazi nchini. Jina lisipolingana na kumbukumbu, mwenyewe hupewa barua na siku nane za kazi za kwenda kurekebisha. "Usiogope, ni karatasi tu," Bernadine aliwaambia wote, akiwasogezea bakuli la peremende.

Safari hii kampuni ikapata mkataba wa kusafisha mahakama ya serikali kuu, na bosi wake, Duane, akaamua wafanyakazi wote wahakikiwe, wapya kwa wa zamani. Bernadine naye yumo.

Kujihakiki mwenyewe hakukubaliki, kwa hiyo Duane akakalia kiti chake, akawa anabonyeza kwa kidole kimoja.

"Hapo, bosi. Siyo hapo! Yesu na Maria, hapo chini!"

Kompyuta ikajibu: jina halilingani.

"Upuuzi mtupu," Duane akasema. "Tuachane nayo, mama. Nani asiyekujua hapa?"

"Tuachane nayo? Thubutu! Twende stoo."

"Stoo kufanya nini?"

"Sheria inasema uniambie faragha. Ufunge mlango, unisomee barua yote."

Duane akasoma kwa kusitasita katikati ya madumu ya sabuni: asiporekebisha, anaweza kupoteza kazi. Bernadine aliyajua maneno yale kwa moyo, lakini safari hii yalimtisha. Ana miaka hamsini na tisa, nani atamwajiri? Akazikumbuka zile peremende zake, akaona aibu.

Nyumbani, Leonard mumewe alicheka nusura apaliwe na pierogi, vile vitumbua vyao vya viazi.

"Si nilikwambia tukitoka fungate uende ukabadilishe jina?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

"Miaka thelathini na nne, Bernie! Kumbe kwa serikali naishi na binti wa mzee Pruski, si na mke wangu!"

"Kula, ufunge domo lako."

Alimcheka, lakini asubuhi alivaa tai, akachukua cheti cha ndoa, akamsindikiza mkewe hadi ofisi ya hifadhi ya jamii. Wakapanga foleni saa tatu nzima, wamekamatana mikono. Siku ya sita kompyuta ikakubali. Bernadine akarudi kwenye kiti chake na kushusha pumzi, moyo mweupe.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Rosalba, mfagizi wa ghorofa ya pili. Jina lake nalo halikulingana. Bernadine akampeleka stoo, akafunga mlango, akamsomea barua.

"Najua," Rosalba akasema. "Ni karatasi tu."

"Nani kakudanganya?"

"Wewe, mama. Ulimwambia dada yangu hivyo, siku ya barua yake."

Bernadine akageuza ndoo, akaketi kando yake.

"Basi nilisema ovyo. Inatisha, mwanangu, mimi mwenyewe niliogopa humu humu. Kesho saa mbili asubuhi nikukute mlangoni, tunakwenda wote."