Niliandika Bahi Sijawahi Kufika

Jamani, msicheke kabla sijamaliza, maana mke wangu anacheka mpaka leo na amenichosha. Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Ilikuwa enzi za ruksa, mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine, na sisi madereva tumepunguzwa, tumekaa nyumbani Dodoma mwaka na nusu tunaangalia dari, ndipo kampuni moja ya mtu binafsi ikatangaza inataka dereva wa lori, mmoja tu. Wakanipa fomu. Taja kila mwajiri uliyemfanyia kazi, taja kila ajali na kila kosa la barabarani. Sasa mimi kule kwenye shirika nilikuwa na onyo la maandishi kwa sababu ya Bahi, ambako masika moja nilikata njia ya mkato na lori la saruji nikaenda kuzama kwenye majaruba ya mpunga, likavutwa siku nzima na maksai wa wanakijiji (kumi na wanne, nao waliniangalia kwa dharau).

"Baba Neema, andika tu," mke wangu akasema. "Lori kukwama nalo ni dhambi?"

Nikamwambia wewe hujui mambo ya ofisini. Nikaandika: ajali, hakuna, makosa, hakuna, na miaka yangu ya mwisho kule kwenye shirika, eti nilikuwa nalima alizeti. Ningeishia hapo! Lakini wakauliza na njia ninazozifahamu, nami kwa woga nikaongeza kwamba Bahi sijawahi kufika. Nani alinituma?

Siku ya majaribio meneja, Bwana Shirima, mtu mpole wa miwani, akapanda pembeni yangu, waombaji wenzangu wawili wakakaa nyuma, akasema, "Twende Bahi." Mungu wangu! Nikaendesha huku nikiuliza njia kila baada ya muda, eti hapa tunapinda kulia? (mnafiki mkubwa). Kufika, kumbe ni siku ya mnada, watu wamejaa na mifugo yao, na mama mmoja mwenye beseni kichwani akaniona dirishani, akapiga kigelegele na kunisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi! Jamani, Saruji amerudi!"

Basi ikawa balaa. Mnawajua Wagogo, jambo kama lile haliwezi kupita bila wimbo, na mimi kumbe nilishatungiwa, wimbo mzima, una jina langu, shirika langu na idadi ya maksai. Wakacheza mbele ya lori, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na mzee mmoja ananionyesha kwa fimbo mmoja wa wale maksai walionitoa, eti nishuke nimsalimie. Wenzangu kule nyuma wanapiga makofi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Bwana Shirima akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa fomu yangu mkobani, akaisoma polepole.

"Unajua tulikuwa tunatafuta nani?" akaniuliza. "Dereva aliyewahi kuzama Bahi, maana huyo hazami tena. Lori lilizama kwa mvua, ndugu yangu. Haya umeyaandika ukiwa pakavu."

Funguo akapewa Yohana, mwenzangu aliyejaza makosa matatu, likiwemo la kugonga geti la mwajiri wake. Mimi nikarudi mjini nyuma ya lori, nimeshikilia bomba, vumbi lote la njia likawa langu. Mke wangu akanipakulia ugali, akaniongezea na mboga (kucheka alianza wiki iliyofuata), na ile huruma iliniuma kuliko wimbo.

Nimeapa. Fomu yoyote nikipewa sasa najaza kila kitu, hata kuku wa jirani niliyemgonga kwa baiskeli, na nafasi ikiisha naomba karatasi ya pili.