Kidonge Kabla ya Chai

Nilipokuwa kidato cha pili nilianza kusinzia darasani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepasuliwa shingo, goita ikatolewa, na daktari akanipa kidonge kidogo cha kumeza kila asubuhi, maana tezi iliyobaki haikutosha kufanya kazi. Kilinifaa sana. Halafu zahanati ya karibu ikasema sina damu ya kutosha, ikaniongezea vidonge vya madini ya chuma. Baada ya hapo ni usingizi, baridi, na uso kufura.

Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilipapasa kovu nikiwa ndani ya blanketi, nikitafuta kama kuna kitu kinaota tena. Leo nakisikia, kesho hakipo. Nilikiogopa kile kisu kuliko hata kufa.

"Ona huyu," msichana wa dawati la nyuma alisema. "Sweta mbili na bado anatetemeka. Ama goita imerudi kudai sweta yake?"

Wakacheka. Nikacheka pia, kisha nikaenda kujifungia chooni.

Sauti yangu ilipokuwa nzito kama ya kaka yangu, mama aliacha kuchuma majani ya chai siku hiyo akanirudisha hospitali ya Litein, nilikopasuliwa.

"Unameza dawa vipi?" daktari aliniuliza.

Mama akajibu, "Anameza vizuri kabisa, daktari. Nyanya yake humsimamia."

Ilikuwa kweli. Nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita kogo, alikuwa na sheria yake: dawa haiingii kwa tumbo tupu. Kila asubuhi alinitilia vidonge vyote pamoja kiganjani, na kikombe cha chai iliyojaa maziwa ya ng'ombe wetu.

Daktari aliweka kalamu chini. "Zote pamoja? Na chai ya maziwa?"

"Sasa ameze na nini, daktari? Maji, na hii baridi ya kwetu?"

Akatueleza kwamba chuma huishika dawa ya tezi tumboni, isifike kwenye damu, na maziwa nayo huizuia. Nimeze kile kidonge kidogo kwa maji matupu nikiamka, chai ingoje saa nzima, chuma nacho kingoje mpaka jioni. Halafu akanitoa damu ipelekwe Nakuru kupimwa.

"Kama shida si hiyo," alisema, "tutaangalia shingo tena."

Katika yote aliyosema, hilo ndilo nililobeba mpaka nyumbani.

"Kwa hivyo ni chai yangu inamgonjesha?" kogo alimuuliza mama. Mama akajifanya anapepeta mahindi.

Asubuhi iliyofuata kogo alikuja na kikombe kinachotoa moshi. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kumkatalia kogo chai yake. Nikachungulia: maji ya moto, matupu.

"Meza."

Nikameza. Akajimiminia chai yake, akaifunika na kisosi, akaketi karibu na moto.

"Kogo, kunywa, itapoa."

"Wewe unangoja nini?"

"Saa iishe."

"Basi tungoje."

Majibu ya Nakuru hayakuwa yamefika. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na bila kujua mkono wangu ukapanda kwenye kovu. Kogo akaupiga kidogo.

"Wacha hiyo shingo. Goita itafikiri unaiita."