Mikono Iliyotulia

Juzi nilikuwa harusini Kikima, na kijana wa kinanda kanisani alikuwa anarusha mikono hadi juu ya masikio. Mama mmoja karibu yangu akaguna, "Hizo ni mbwembwe tu." Ubishi huo wa mbwembwe na muziki, rafiki yangu, uliniingia nikiwa darasa la saba.

Shule yetu ilikuwa na piano iliyoachwa na wamisheni, na panya walikuwa wamehamia ndani. Kwa ajili ya mashindano ya muziki, mwalimu alinifunza kipande cha Ulaya cha enzi ya Kiromantiki, cha polepole, kinachovimba katikati halafu kinatulia. Jioni, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ukitokota, nilikipiga kwa vidole juu ya meza kana kwamba ni piano, huku nyanya yangu akichagua maharagwe. Nyanya alikuwa kiziwi kabisa. Kwa hivyo nilimchezea kwa mabega na kichwa, mkono ukipaa, ukishuka, naye anaacha maharagwe, anatingisha mguu. Aki alikuwa anafuata! Pale pa huzuni, hata mguu aliusimamisha.

Mwalimu aliponiona nikifanya hivyo shuleni, alifunga kifuniko cha piano, nusura anibane vidole.

"Kwani unauza nini? Muziki uko kwenye sauti. Ukirusha mkono mara moja tu hapa, mashindano utayasikia kwa wenzako."

Na hakukosea. Nikirusha mikono, noti mbili tatu zilipotea. Lakini nyanya alikuwa ameshasema atakuja kunitazama, na kuja kwake kulikuwa kushuka mlima mzima kwa miguu. Nililala na shida hiyo wiki nzima.

Siku yenyewe aliketi mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani. Nilicheza mikono ikiwa imetulia tuli. Sikukosa noti hata moja. Mwamuzi alisifu adabu ya vidole vyangu, nikawa wa kwanza, mwalimu akatoa leso akajifuta machozi.

Nje, nyanya alinishika kiwiko, akauliza kwa ile sauti yake kubwa:

"Walikukataza kucheza? Nimekuona umeketi tu pale."

Nilimwonyesha cheti. Alikitazama, akaniambia pole.

Piano ilishapasuliwa ikawa rafu za vitabu. Mwalimu alistaafu, nyanya tulimzika. Wakiniuliza kama mbwembwe zinaharibu muziki, nasema ndiyo, zinaharibu, na sijabadilisha mawazo. Ila ukumbi ule mzima, aliyekuja kwa ajili yangu alikuwa mmoja tu, na huyo sikumchezea. Najuta mpaka leo.