Kamba ya Mbuzi Ziwani

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kasulu mjini. Mageti, madirisha, keria za bodaboda. Ziwa liko mbali, huko chini Kigoma, na katika maisha yangu nilikuwa nimepanda boti mara moja tu, nikatapika. Lakini baba mkwe alipoingia karakana na kiroba mkononi, akaniuliza kama kazi za boti naziweza, nilijibu, "Hizo ndogo sana, baba." Mdomo wangu huu!

Mzee huyo, mwalimu mstaafu wa Heru Juu, alinizungusha miaka mitatu kabla ya kunipa binti yake, maana kwake mchomelea mageti ni mtu aliyekosa kazi. Sasa alikuwa amenunua kiboti kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na humo alikuta winchi ndogo ya mkono, yenye waya na tufe zito la madini ya risasi, ya kushushia chambo chini kabisa waliko samaki aina ya sangala. Mguu wa winchi unachomekwa kwenye kibomba cha kusimamishia fimbo ya kuvulia, ubavuni mwa boti. Shida ni kwamba mguu ulikuwa mwembamba, unacheza. Nilitaka siku hiyo mzee aniite fundi, basi.

Nikafanya tunavyofanya huku kwa kila kinachocheza, iwe keria, iwe mpini wa jembe: nikakata tyubu ya baiskeli, nikauviringishia ule mguu, nikaugongea ndani kwa nyundo. Nikafunga kwenye geti kile kibomba, ambacho mzee alikileta kirobani pamoja na winchi, nikaning'iniza debe zima la maharage kwenye waya. Wapi! Haikutikisika. Majirani wakapiga makofi.

"Na boti ikitembea?" mzee akauliza. "Uzito si utavuta kwa nyuma? Haihitaji pini?"

"Baba, hiyo hata trekta haliing'oi."

Akasema sawa, kwa sauti ile ya darasani.

Ziwani tulikuwa wawili tu. Mimi nilishika ubao kwa mikono yote, macho nchi kavu. Mzee akashusha tufe, boti ikatembea polepole, tyubu ikalowa. Mguu ukaanza kugeuka taratibu, kama mtu anayetafuta nani kamwita. Nikajifanya sioni. Tufe likanasa kwenye mwamba, na winchi nzima ikachomoka, chubwi! Nilitamani kuifuata.

Mzee akazima injini. Akainama chini ya ubao, akaanza kuvuta kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi, na kwenye ncha yake ikapanda winchi ikichuruzika maji. Waya ulikuwa umekatika, tufe limebaki chini. Alikuwa ameifunga kamba hiyo asubuhi, mimi nikihangaika na jaketi la kuokolea.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikangoja anisute, na haki alikuwa nayo. Njia nzima ya kurudi Kasulu hakuligusia.

Jumapili nilimkuta nje ya kanisa Heru Juu, amezungukwa na wazee wenzake.

"Winchi ilichomoka," anawaambia, "kumbe mkwe wangu alishaifunga kamba kwa siri. Huyu ndiye fundi!"

Wote wakanigeukia. Na huku kwetu mkwe hambishii baba mkwe mbele za watu. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Asante, baba."