Mkono wa Mdogo Wake

Mtaani walimwita Sikio, kwa sababu sufuria ikianguka nyumba ya tatu alijua ni ya nani. Chuoni alitafiti rangi ya sauti, yaani kile kinachotufanya tutofautishe gitaa na kinanda hata vikitoa noti ileile. Tasnifu yake ya udaktari ilidai kwamba mbao za gitaa zikizeeka, sauti hunenepa. Jopo lilikuwa linamsubiri saa nne. Asubuhi hiyo, akikagua video ya kuwaonyesha, aliirudisha nyuma mara tatu.

Mpigaji alikuwa mdogo wake. Gitaa jipya alilichuna kwa nguvu, karibu na kidaraja kinachoshika nyuzi. Kwenye lile kuukuu, la marehemu baba yao, mkono ulisogea wenyewe hadi juu ya tundu la katikati, taratibu, kama anabembeleza mtoto. Na uzi ukichunwa mbali na kidaraja sauti hunenepa, mbao ziwe za jana au za enzi za babu.

Alimpigia simu. "Njoo maabara, sasa hivi."

"Dada, hata chai sijanywa."

"Utakunywa kwenye matanga yangu."

Katika chumba kilichofunikwa sponji kuta zote, Sikio alibandika utepe kwenye kila gitaa, umbali uleule kutoka kidaraja. "Chuna hapa. Usisogee hata unywele."

"Hili la Baba halipendi kuamrishwa."

"Chuna, bwana!"

Akachuna. Akabadilisha gitaa, akachuna tena. Kwenye kompyuta mistari miwili ilipanda, ikashuka, ikafunikana. Walirudia. Ikafunikana vilevile.

"Si imekaa vizuri?"

"Vizuri mno. Sura ya nne imekufa."

Mdogo wake alitazama mlango. "Kwani nani anajua? Si mimi na wewe tu?"

Mchoro wa zamani ulikuwa bado umo kwenye kompyuta, mzuri, mistari yake imeachana. Sikio aliufunga. "Beba magitaa yote mawili," alisema.

Nje ya chumba cha jopo msimamizi wake aliutazama mchoro mpya, akashusha sauti. "Mwanangu, leo onyesha ule wa zamani. Huu tutauzungumza baadaye."

"Mwalimu, nikiingia na ule nitatetemeka mpaka nistaafu."

Akaingia, akamkalisha mdogo wake mbele ya wazee wale. "Sura ya nne haisimami," alisema. "Naomba msikie kwa nini."

Mwenyekiti alivua miwani. Mdogo wake alichuna penye utepe, gitaa moja kisha jingine, hadi uzi wa mwisho ulipotulia.

Siku hiyo hakupewa shahada. Alipewa miezi sita ya kurekodi upya, na sharti moja: mpigaji asiwe wa ukoo wao.