Mjane Anayelisha Seli Zilizomuua Mumewe

Asubuhi, hata mkoba hajautua begani, mhudumu wa maabara anafungua kabati la joto na kuchungulia. Maji mekundu aliyoyaacha jana kwenye chupa yamegeuka manjano.

"Wameshakula," anasema.

Anaowasema ni seli za saratani ya ini. Zilitolewa kwa mumewe, fundi cherehani, miezi michache kabla hajafariki. Mwenyewe aliridhia zihifadhiwe kwa utafiti. "Alinitania tu. Akasema dubwana lenyewe linavyokula hivi, acha na lenyewe lifanye kazi."

Sasa ni mkewe anayelilisha. Kila siku humwaga maji machafu na kutia mapya yenye sukari. Akitazama kwenye hadubini, seli zinapandana, zinasukumana, zinazidi kujaa. Aliyezizaa yuko kaburini.

Mtafiti anayemsimamia anaeleza kwamba jeni moja iliharibika, ikawa inaiamuru seli ikue bila kukoma. Seli ikaanza kubugia sukari, na sehemu ya sukari hiyo ikageuzwa alama ndogo zinazobandikwa kwenye vinasaba. Alama hizo ziliamsha jeni zilizopaswa kulala.

"Ndivyo seli ya ini inavyosahau kwamba ni ini," anasema.

Nyumbani, mjane anaishi na mama mkwe, anayejua kwamba seli za mwanawe zinalishwa maabara. Kila jioni mama huyo humkazia macho na kumuuliza, "Mwanangu amekula?"

"Amekula, mama."

Mwanzoni alijibu hivyo ili kumridhisha. "Siku hizi najibu kwa sababu ni kweli," anasema.

Mwezi uliopita mtafiti alitia dawa inayoziba njia ya sukari kugeuka alama. Siku chache baadaye mjane alichungulia, akarudi nyuma. Maji yalikuwa bado mekundu. Seli zimetulia, zimelala ubavu kwa ubavu.

"Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akiongea humo chumbani amenyamaza ghafla."

Jioni alimwambia mama mkwe, "Leo hajala. Wanasema seli zimeanza kukumbuka zilivyokuwa."

Mama akauliza, "Na mimi ananikumbuka?"



Dawa hiyo haijajaribiwa kwa binadamu. Mjane anaomba ifike wodini, imkute mume wa mtu angali hai. Utafiti ukiisha, ameomba azimwage seli hizo kwa mkono wake, na mtafiti amekubali.

"Mama anataka siku hiyo awepo," anasema. "Anasema hatujamaliza kumzika."