Kwenda Bashay Kumpakata Mwanangu, Mwaka wa Kipindupindu

Nilikwenda Bashay kumpakata mwanangu wa kwanza. Basi, sikuwa na sababu nyingine. Mke wangu Paskalina alikuwa amejifungulia kwa mama yake, huko juu Mbulu, nami nilikuwa huku Hanang, karibu na Getanuwas, fundi wa kombaini za kuvunia kwenye shamba la serikali la ngano. Kisha kipindupindu kikaingia. Minada ikafungwa, chakula cha msibani kikapigwa marufuku, barabarani vikawekwa vizuizi. Mtu haruhusiwi kuvuka. Ngano inaruhusiwa, maana lazima watu wale. Nikaomba nafasi kwenye lori la mbegu za ngano liendalo Mbulu.

Asubuhi na mapema tulipita Katesh, maduka yamefungwa. Dereva wetu, Mzee Juma, alinitania njia nzima: mtoto akifanana na mimi, tumwombee.

Masakta tulisimamishwa. Bwana afya, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliniuliza, "Wewe ni wa ngano?"

"Wa ngano."

"Haya, piteni."

Kando ya kizuizi alisimama mama mmoja na kuku kwapani. Binti yake alikuwa mgonjwa Dongobesh, naye ameambiwa arudi nyumbani. Akauliza kwa upole tu, "Kwani watu wa ngano hawaugui?" Bwana afya akainama. Amri haikuwa yake. Niliwaonea huruma wote wawili, lakini nisidanganye, furaha yangu ilizidi huruma.

Mchana niliteremka Dongobesh, nikatembea kwa miguu hadi Bashay, nikipanda na kushuka vilima huku nikiimba peke yangu kama mlevi.

Mama mkwe alinisimamisha uani, mbali na mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo hapo."

Nikamwambia serikali imeniruhusu.

"Imekuruhusu barabarani," akasema. "Hapa kuna mtoto mchanga, na wewe umetoka kwenye ugonjwa."

Sisi Wairaqw tuna mila ya kujitenga, metimani. Nyumba ikipatwa na mkosi, watu wake hawachangii chakula wala maji na wengine mpaka muda wao uishe. Mama mkwe aliichukua mila hiyo akaivalisha kipindupindu. Lori lilikuwa linanipitia kesho yake, yaani ningeondoka bila kumgusa mwanangu. Nilikasirika, tena sana.

"Mama, huu ni ukatili. Wewe unampakata kutwa, mimi baba yake nizuiwe?"

Paskalina ndiye aliyenijibu, amesimama mlangoni na mtoto. "Mama hajamgusa hata mara moja."

Kumbe alikuwa amemuuguza jirani aliyeugua kipindupindu. Tangu hapo analala kwenye banda la ndama na kula kwa kibuyu chake peke yake. Mkunga alipokuja, yeye alikuwa bandani, na sauti ya kwanza ya mjukuu wake aliisikia kupitia ukuta. Aibu ilinishika.

Tukakaa, yeye upande wake wa ua, mimi wangu. Paskalina akatugeuzia mtoto huku na huku tumwone.

"Pua ni yako," mama mkwe akaniambia. "Pole yake."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Kesho yake, njiani kurudi, niliwaza sana. Amri zote mbili zilikuwa zinazuia ugonjwa uleule. Ile ya barabarani iliwabana wasio na lori. Ya mama mkwe ilimbana yeye kabla ya mtu mwingine, ndiyo maana niliitii. Sijui kama nchi nzima inaweza kuongozwa hivyo, maana watu lazima wale. Ila ningependa wanaotoa amri wakae kwanza kwenye lile banda.

Ugonjwa ulipokwisha, nilipanda tena Bashay. Mama mkwe alikuwa ametoka bandani asubuhi ileile, bado hajampakata mjukuu wake. Paskalina alitoka na mtoto akanijia moja kwa moja, na mikono yangu ilikuwa imeshanyooka. Nikaishusha.

"Mpe mama kwanza," nikasema.